Nionyesheni Choo Kwanza

Nyumba zetu za Ngamiani, Tanga, zilijengwa kwa watu wenye miguu miwili mizima. Unapanda vidato vitatu kufika barazani, unaruka kizingiti, unapita ukumbi mrefu wenye vyumba huku na huku, unaruka kizingiti cha pili, unashuka vidato viwili kuingia uani, ndipo unakata sakafu ya saruji hadi chooni, ambacho waliojenga walikiweka pembe ya mwisho kabisa, mbali na pua za wageni. Baba alizaliwa humo na akazeekea humo. Ni fundi cherehani. Kila asubuhi aliitoa cherehani yake ya miguu barazani, na ikishaswaliwa adhuhuri wazee wenzake walikuja, mti wa bao ukatolewa, wakacheza mpaka alasiri. Hakuna aliyewahi kuvihesabu vile vidato. Tulivihesabu siku tuliyomrudisha kutoka hospitali ndani ya bajaji, upande wake wa kulia umepooza kuanzia uso hadi unyayo.

Kiharusi kilimkuta alfajiri, akitia udhu. Kopo lilimponyoka, akainama kuliokota, asiinuke. Mama alipofika alikuta mdomo umekwenda upande na maneno hayatoki. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa amekuja kutoka Pangani kututembelea. Akasema huo ni upepo, kapitiwa na kitu uani, aitwe Maalim kabla ya daktari. Maalim akaja, akamtazama Baba usoni, akatugeukia. "Kisomo nitakisoma huku nyuma. Nyie mwahisheni hospitali." Namshukuru mpaka leo, lakini jua lilikuwa limeshapanda. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani hufaa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena haitolewi mpaka kipimo cha CT kionyeshe kwamba si mshipa uliopasuka, kwa sababu aliyepasukiwa mshipa dawa hiyo inaweza kumwua. Familia nyingi za mikoani, kwa kuchelewa au kwa kukosa kipimo na dawa yenyewe, hukuta mlango huo umeshafungwa. Hapo huwa imebaki kushusha presha, uuguzi mzuri na mazoezi, na sehemu kubwa ya hayo hufanyika nyumbani, mikononi mwa watu ambao hawakufundishwa.

Tuliruhusiwa na karatasi ya mazoezi yenye picha. Zilimwonyesha mtu aliyevaa bukta, amelala kwenye kitanda kirefu chenye vyuma pembeni, kisha ameketi kwenye choo cha kukalia, kisha amesimama ameshika bomba lililopigwa ukutani. Kwetu hapakuwa na kitanda kile, wala choo kile, wala bomba. Mama aliibandika karatasi ukutani, na kila mtu wa nyumba akaanza kutibu kwa anavyojua yeye.

Shangazi aliamuru godoro lishushwe chini ili mgonjwa asianguke usiku. Kweli hakuanguka, ila kumtoa chini pale ikawa kazi ya watu watatu, mmoja kiunoni, mmoja makwapani, na mmoja akiuvuta ule mkono wa kulia kwa kuwa ndio ulikuwa karibu. Bega la mtu aliyepooza limepoteza misuli ya kulishikilia. Mkono unaning'inia kwa uzito wake, na ukiuvuta, mfupa unateremka na kuacha nafasi pale unapoungana na bega. Ukipitisha kidole juu ya bega unalihisi bonde. Baba alikuwa akikunja uso tunapomwinua, na sisi tukadhani ni uzito wa ugonjwa.

Kisha akaja Mjomba, kaka yake Mama. Ametumikia bandari miaka mingi na ana imani kubwa na kapi. Alifunga kapi kwenye tawi la mwembe uani, akapitisha kamba, ncha moja akaifunga kwenye kifundo cha mkono wa kulia, nyingine akampa Baba mkono wa kushoto, avute. Mkono mzima ukavuta, mkono uliolala ukapanda juu ya kichwa, na watoto wakashangilia. Usiku ule bega lilivimba na Baba hakulala. Wataalamu wa viungo wanalijua jambo hili: kuunyanyua juu kwa kamba mkono usio na nguvu, bega likiwa halijashikwa na mtu anayejua, ni njia mojawapo ya uhakika ya kuliumiza. Mjomba alikuwa na nia njema kabisa. Alitoka kwake Chumbageni kwa miguu kila jioni kuja kufanya hivyo.

Mchuaji naye akaletwa. Mafuta yake ya habasoda hayakuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa chupa ya maji moto aliyoiweka chini ya kiganja cha Baba ili joto liingie, akaenda kunywa chai. Upande uliopooza mara nyingi hupoteza pia hisi ya moto na baridi. Baba alikaa kimya, chupa ikafanya kazi yake, na tulipoitoa kiganja kilikuwa na malengelenge. Lile jeraha lilichukua muda mrefu kupona kuliko majeraha yote ya nyumba ile, na mpaka leo kovu lipo.

Lakini mkasa mkubwa ulikuwa chooni.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Mtu aliyepooza mguu mmoja hawezi kuchuchumaa, na akiweza kushuka hawezi kuinuka. Binamu yangu akachukua kiti cha plastiki, akachoma kisu motoni, akakata tundu katikati ya kikalio, akakisimamisha juu ya tundu la choo. Siku ya kwanza kilikaa vizuri kwa sababu Mama alikishika mgongoni. Siku iliyofuata sakafu ilikuwa imetoka kuoshwa. Sakafu ya choo cha kuchuchumaa imeinamishwa kuelekea kwenye tundu, ndivyo inavyotakiwa iwe. Mguu mmoja wa kiti ukateleza ukazama shimoni, kiti kikalala, Baba akaangukia ukutani na Mama akawa chini yake. Walikuwa wamefunga komeo kwa ajili ya stara. Vijana wa jirani waliruka ukuta na kung'oa mlango wa bati, wakamkuta fundi wa kanzu za mtaa mzima akiwa katika hali ambayo hakuna mwanamume angependa kuonwa nayo. Hakuvunjika mfupa. Walimfunika kwa kanga ya Mama wakambeba ndani.

Tangu siku ile Baba akaacha kunywa maji. Gilasi aliyowekewa asubuhi Mama aliikuta magharibi imejaa vilevile, mdudu anaelea juu. Akipelekewa mdomoni alibana midomo na kugeukia ukuta. Mkojo ukawa mchache na mweusi, homa ikapanda, akaanza kusinzia mchana kutwa. Shangazi akasema kiharusi kinarudi. Mama akalia. Mtoto wa dada yangu, ambaye bado yuko chekechea, ndiye aliyetuambia: "Babu hanywi kwa sababu hataki kwenda choo." Tulikuwa tumemzunguka watu wazima sita, kila mmoja na dawa yake.

Na kulikuwa na suala la mkono. Katika nyumba ya Kiislamu ya pwani, wa kulia ni wa kulia chakula na wa kushoto ni wa kujisafishia. Mtoto anayepeleka tonge mdomoni kwa mkono wa kushoto hupigwa kikofi kabla hajajua kusema. Sasa mtu wa miaka sabini amenyang'anywa ule mmoja na kubakiziwa huu mwingine kwa yote mawili. Baba alikataa kuugusa wali. Mama akaanza kumlisha, Shangazi naye hakutaka kupitwa na wifi yake, akamlisha uji mwepesi akiwa amelala, ili asichoke. Akawa anapaliwa. Kupaliwa kwa mgonjwa wa kiharusi si jambo la kumpiga mgongoni tu na kuendelea; misuli ya koo nayo inaweza kuwa imelegea, chakula kikaenda mapafuni, na nimonia ikaja. Hapa pia Maalim alitusaidia. Alikaa naye mkekani, akamweleza kwamba mwenye udhuru ana ruhusa, kisha akala naye sahani moja, yeye mwenyewe kwa kijiko. Baba akakubali kijiko katika mkono wa kushoto. Kuna nyakati fatwa ndogo kama ile ina nguvu kuliko kopo zima la vidonge.

Muda wote huo tulikuwa tunamrudisha hospitali kwa mazoezi. Bajaji kwenda, bajaji kurudi, watu wawili wa kumshusha, foleni tangu asubuhi. Zamu yake ikifika alisimamishwa kati ya mabomba mawili sambamba, akatembea vizuri, mtaalamu akampongeza, tukarudi nyumbani kwenye godoro la chini na vizingiti viwili. Kule alikuwa anajifunza kutembea kule. Nauli zilipotushinda tulipunguza kwenda, na najua nyumba nyingi ambazo zimekatia hapohapo, ndugu wakisema mgonjwa kakataa mazoezi.

Binamu mwingine, aliyeko Dar es Salaam, ndiye aliyeandika kwenye kundi la familia la WhatsApp: hizo fedha za bajaji, kwa nini tusimlipe mtaalamu aje? Mchango ukapita, akapatikana binti mmoja aliyesomea fiziotherapia KCMC, Moshi, ambako nchi yetu imewaandaa kwa miaka mingi wataalamu wa viungo na wale wa tiba kwa vitendo. Alikuja na bodaboda, amevaa raba, begi mgongoni. Akampigia Baba shikamoo, akaenda kukaa upande wake wa kulia, ule uliosahauliwa, mpaka Baba akalazimika kugeuza shingo kumtazama. Shangazi akaharakisha maji ya kunywa na kumletea ile karatasi ya picha. Binti akaipokea kwa heshima, akaiweka chini.

"Nionyesheni choo kwanza."

Shangazi alidhani mgeni ana haja. Binti akaingia chooni na viatu vyake, akachuchumaa juu ya tundu akiwa amevaa nguo zake, akanyoosha mikono kushoto na kulia kutazama inafika wapi. Akatoka, akauliza kama kuna futi. Katika nyumba ya fundi cherehani futi haikosekani. Akaletewa ile ya Baba, ya kitambaa, iliyofifia tarakimu. Akapiga magoti mbele ya Baba kupima kutoka nyuma ya goti mpaka kisigino. Alikuwa ameishika upande wa inchi. Baba, ambaye tangu alfajiri ile alikuwa ametazama kila kitu kikifanywa juu ya mwili wake kwa macho yaleyale, alinyoosha mkono wa kushoto, akaigeuza futi upande wa sentimita, akaukandamiza mwisho wake kwenye goti kwa dole gumba. Mama alishika mlango.

Vipimo vile vikaenda kwa seremala. Kikaja kiti cha mbao cha miguu minne iliyotanuliwa na kuunganishwa kwa fito chini kabisa, kisizame popote, chenye tundu, mikono ya kushikia, na urefu wa mguu wa Baba mwenyewe. Ukutani zikapigwa boriti za zamani zilizotoka katika nyumba iliyobomolewa, kimo cha nyonga, kuanzia mlango wa ukumbi hadi chooni. Seremala alipiga upande mmoja akataka kulipwa. Binti akamwuliza: "Anakwenda akishika kwa kushoto. Akirudi, atashika kwa mkono gani?" Ikabidi boriti zipigwe upande wa pili, zikipita mbele ya jiko la Mama, na Mama akahamisha jiko.

Godoro likarudi kitandani na kitanda kikainuliwa kwa matofali mpaka nyonga za Baba zikawa juu kidogo kuliko magoti. Kutoka hapo akafundishwa kusimama, jambo ambalo sisi wazima hatujui tunalifanyaje: rudisha nyayo nyuma ya magoti, inama mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo usukume sakafu. Wote tuliokuwa tukimnyanyua tulikuwa tunamvuta juu akiwa amelalia nyuma, kinyume kabisa. Kwenye vidato alipewa kanuni moja: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, ule dhaifu utangulie. Mkono wa kulia usivutwe na mtu yeyote. Akiketi uwekewe mto. Chakula ale ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, uji uwe mzito. Na mazoezi yasiwe na saa yake. Baba asingekubali kuamshwa kwa saa ya simu, lakini adhana anaifuata maisha yake yote. Kila ikiadhiniwa, asimame na kuketi mara kumi kabla ya kuswali. Swala aliiswali ameketi, na binti akamwambia kuinama kwa rukuu pale kitini nako kunamfundisha kubeba kiwiliwili chake.

Mjomba aliona ni kidogo. Ikiwa kusimama ni dawa, asimamishwe mchana kutwa. Tena angesimamishwa siku ileile ya kwanza pale hospitali. Binti hakubishana kwa sauti. Alimweleza kwamba swali hilo liliwahi kupimwa: mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao AVERT, wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi tano, na wale walioamshwa mapema sana na kwa wingi ndani ya saa 24 za mwanzo walipona kwa uchache kidogo kuliko wale wa utaratibu wa kawaida. Mjomba alisikiliza hadi mwisho. Kesho yake alipanda mwembeni akalifungua kapi.

Ugomvi uliochukua muda ulikuwa wa mawifi. Binti alisema Baba achambue mchele. Sinia liwekwe mezani mbele yake, mkono wa kushoto ushike ukingo, wa kulia usukume chenga upande mmoja, hata ikiwa ni kwa ubavu wa kiganja. Shangazi alisimama katikati ya ukumbi. "Kaka yangu, fundi, mgonjwa, anachambuzwa mchele kama mjakazi? Wageni wakiingia watasema tumemtesa." Mama naye, ambaye kwa kawaida hakubaliani na wifi yake hata juu ya chumvi ya mchuzi, safari hii alikuwa upande wake. Wanawake wawili waliompenda mtu yuleyule walikuwa wakishindana nani amfunge kifungo, nani amvalishe kandambili, nani amwinulie kikombe. Binti akawaambia, kwa adabu lakini bila kulainisha, kwamba kila wanachomfanyia ambacho angeweza kujifanyia kinamchelewesha. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, ameonyesha kwamba kiungo kilichodhoofika hupotea mara mbili: mara ya kwanza kwa ugonjwa, mara ya pili kwa kuachwa bila kutumiwa, ubongo ukazoea kuishi bila kiungo hicho. Na upotevu wa pili unaweza kurudishwa kiungo kikilazimishwa kufanya kazi. Tiba yake humfunga mgonjwa mkono mzima ili ule mbovu ufanye, na hufaa kwa wenye kucheza vidole angalau kidogo. Baba hakuwa amefika hapo, ndiyo maana akapewa mchele.

Naliona hili kuwa ndilo gumu kuliko yote katika nyumba zetu. Kumhudumia mgonjwa kwa kila kitu ndiyo alama ya kumpenda, na jirani huhesabu mapenzi kwa alama hizo. Kumwacha mzee ahangaike robo saa na kifungo cha shati mbele ya watu kunahitaji moyo ambao Mama aliupata polepole, na Shangazi, kwa kweli, nusu yake tu.

Bao halikupangwa na mtaalamu. Wazee walikuwa wakija kumjulia hali, wanakaa ukumbini wakitazama miguu yao, wanaomba dua, wanaondoka. Maneno ya Baba yalikuwa hayajarudi. Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo hupooza mwili upande wa kulia na mara nyingi hukamata lugha, hali inayoitwa afazia; akili ipo, inaelewa, ila neno halipatikani. Baba hakuweza kuomba maji, lakini alisoma Alhamdu yote bila kukwama, na akianzishiwa moja, mbili, alihesabu mpaka kumi. Yaliyokaririwa tangu utotoni hupita njia yake. Shangazi alikuwa ameanza kusema kwamba anajifanya.

Siku moja mzee mmoja muuza kahawa alichoka kutazama miguu yake, akautoa mti wa bao uvunguni, akauweka kati yao. Mashimo 32, komwe 64. Walianza kunamua. Baba alicheza kwa kushoto, taratibu, komwe zikimdondoka kwenye mkeka. Mpinzani akamwonea huruma akacheza vibaya makusudi, akaiacha nyumba yake wazi. Baba akautazama mti, akamtazama mwenzake, na akaligonga bao kwa kiganja. Kisha, kwa mdomo uleule uliokwenda upande, akasema: "Takata!" Wazee wakanyamaza. Lilikuwa neno lake mwenyewe, limetoka mahali pake, kwa maana yake: umekosa cha kula na bado unazungusha, cheza kama mtu. Muuza kahawa akaomba radhi, wakarudia mchezo, na Baba akafungwa vibaya sana. Hakuna daktari aliyemfanyia wema mkubwa kuliko kumfunga kule.

Binti aliposikia alibadili mpango wote. Bao likahamishiwa barazani, palepale pa zamani, ili Baba apande na kushuka kizingiti kulifuata. Komwe ni duara na utelezi, zinataka dole gumba likutane na vidole, zoezi ambalo hospitalini hufanywa kwa vigingi vya mbao na ubao wa matundu. Kete zote alizisambaza kwa kushoto, ila ya mwisho katika kila mzunguko lazima aiweke kwa kulia. Wazee walisubiri. Mwanzoni mkono ulifika kwenye shimo komwe ikiwa imebanwa kati ya vidole viwili vya pembeni, ikidondokea popote. Wakaweka sheria ya baraza kwamba ikidondokea shimo lisilo lake inahesabika hukohuko, na sheria hiyo ilimfunza kulenga haraka kuliko maneno yetu yote.

Nimesoma utafiti mkubwa wa India uliochapishwa mwaka 2017, wa wagonjwa 1,250, ambapo ndugu walifundishwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani. Baada ya miezi sita asilimia 47 ya kundi lile walikuwa wamefariki au wanategemea watu, sawasawa na waliopata huduma ya kawaida. Wengine huutumia kusema nyumbani hakuna tiba. Mimi nausoma kwa nyumba yetu: ndugu hawawezi kugeuzwa kuwa wataalamu kwa masomo machache, na si haki kuwatwisha kazi hiyo kwa sababu serikali haina wataalamu wa kutosha. Kazi yao ni nyingine, kuitengeneza nyumba na siku yake ili mgonjwa apate pa kujaribia, na hilo haliwezekani mpaka mwenye ujuzi awe amekanyaga pale. Ziara chache za mtu aliyekiona choo zilitufaa kuliko foleni nyingi. Natamani kila mgonjwa wa kiharusi anayeruhusiwa hospitali atembelewe kwake walau mara moja.

Dawa za presha nusura zituangushe. Presha iliposhuka Mama alianza kuzipumzisha, zikae muda mrefu, na kumbe presha hushuka kwa sababu dawa zinanywewa. Binamu wa Dar alikuja likizo na mashine ya kupimia, akatupima sote. Iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa yake. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu kiharusi wilaya ya Hai na sehemu ya Dar es Salaam: baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa takriban watu 109 kwa kila 100,000 kwa mwaka, Dar es Salaam 316. Binamu aliandikiwa dawa kabla hajarudi.

Aliyedhoofika baada ya hapo alikuwa Mama. Tangu mwanzo yeye peke yake ndiye aliyemwogesha Baba, kwa sababu si heshima watoto kuona uchi wa mzazi. Mgongo wake ukagoma. Asubuhi moja hakuinuka kitandani. Mjomba ndiye aliyelisema hadharani, mbele ya wote, kwamba wana wa kiume wapo na stara ni shuka. Tangu hapo namwogesha mimi, Baba ameketi kwenye kiti cha seremala, shuka kiunoni, maji namwagia juu, na chini ya shuka anajisugua mwenyewe kwa kushoto. Siku za mwanzo alifumba macho. Sasa huniambia maji ni baridi.

Majuzi Mama na Shangazi walikwenda Pangani harusini, wakalala huko. Waliporudi walimkuta Baba barazani na seremala. Mama wa nyumba ya tatu kutoka kwetu ameanguka kiharusi, wanawe wameagiza kiti kama chetu, na seremala alikuwa amekileta kwanza kwetu kionekane. Baba alipitisha kiganja cha kulia, chenye kovu, juu ya mkono wa kiti, akakuta haukupigwa msasa. Maneno yake bado hutoka moja moja, kwa jasho. "Hii," akasema, "itamchana. Piga msasa. Tena... bei... punguza." Seremala akasema mbao zimepanda. Baba akasema hazijapanda. Walikuwa hapohapo wakibishana mpaka Shangazi alipomaliza kushusha mizigo.